Land Rover: Gari la Muda Lililodumu

Leo tumechagua kuzungumza habari za gari. Wala si gari la fahari la kupitia barabara za lami, bali lile gari la pembe pembe, lenye bodi iliyonyooka kama sanduku, liitwalo Land Rover. Katika Afrika ya Mashariki si haba watu waliolijua gari hilo kabla ya kulijua jingine lolote, maana mahali barabara ilipokoma na njia ya ng'ombe ikaanza, mara nyingi ndilo lililofika. Lilimleta mganga wa chanjo, likamleta bwana shamba, likamleta padre. Tena lilimleta askari na mtoza kodi. Twasema haya mapema ili asije mtu akadhani kuwa tumekuja kuimba sifa tu. Chombo hakimchagui msafiri wake, wala hakijui kama safari ni ya heri au ya shari.

Jambo tunalotaka kulichungua ni moja. Gari hili lilipobuniwa, wenyewe walilikusudia liwe la muda tu, la miaka miwili mitatu, mpaka dhiki ya baada ya vita ipite. Lakini likatengenezwa tangu mwaka wa 1948 hata mwaka wa 2016, na mengi yake yangali yakitembea. Je, kitu cha muda chawezaje kuvipita kwa umri vitu vilivyokusudiwa kudumu? Na tena, ikiwa lilikuwa jema hivyo, mbona katika Afrika lilishindwa na magari ya Wajapani? Tukiyajibu maswali hayo mawili, tutakuwa tumejifunza neno juu ya vyombo vyote tununuavyo, si magari peke yake.

Kampuni ya Rover ilianzia katika mji wa Coventry, nchini Uingereza, na iliingia katika magari kwa njia ya baiskeli. Mwaka wa 1885 John Kemp Starley alitoa baiskeli iliyoitwa Rover, maana yake mzururaji, yenye magurudumu mawili yaliyokaribiana kwa ukubwa na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma. Na baiskeli tunazozipanda hata leo zafuata mfano ule. Mwaka wa 1904 kampuni ikaanza kuuza motokaa, na baadaye ikajulikana kwa motokaa za watu wenye nafasi, waliopenda utulivu kuliko mbio. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kiwanda chao cha Coventry kilipigwa mabomu na ndege za Wajerumani, na vita vilipokwisha wakahamia Solihull, karibu na Birmingham, katika kiwanda kikubwa kilichojengwa kwa ajili ya kutengeneza vyombo vya ndege za vita. Kiwanda walikuwa nacho, mafundi walikuwa nao. Walichokosa ni chuma.

Maana siku zile hazina ya Uingereza ilikuwa imekaukiwa kwa gharama za vita, na chuma kiligawiwa kwa kipimo. Kampuni iliyoweza kuuza bidhaa nchi za nje, ikaleta fedha za kigeni, ndiyo iliyopewa fungu kubwa. Iliyouza nyumbani tu ilipewa kidogo. Nazo motokaa za Rover hazikuwa na soko kubwa ng'ambo. Basi wakuu wa kampuni hiyo walikuwa ndugu wawili: Spencer Wilks, aliyekuwa msimamizi mkuu, na Maurice Wilks, aliyekuwa mkuu wa wahandisi. Maurice alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, upande wa Wales, na kazi za shamba hilo alizifanya kwa jeep kuukuu ya jeshi la Marekani, iliyobaki baada ya vita. Jeep ile ilivuta, ilibeba, ilipita matopeni. Lakini ilikuwa imechakaa, na vipuri vyake vilipatikana kwa taabu. Husimuliwa kwamba mwaka wa 1947 ndugu hao walikuwa ufukoni mwa Red Wharf Bay, kisiwani humo, Maurice akachora mchangani umbo la gari walilolitaka. Kama mchoro ule ulikuwapo, maji yalipojaa yaliufuta. Bali wazo halikufutika.

Gari la kwanza la majaribio lilijengwa mwaka huohuo wa 1947 juu ya fremu ya jeep. Usukani wake uliwekwa katikati, ili dereva akae kama mkulima juu ya trekta, na ili gari moja liuzike katika nchi waendeshako kushoto na nchi waendeshako kulia. Shauri hilo la usukani liliachwa, lakini mengine yalishikwa. Kwa kuwa chuma kilikuwa haba, bodi ilifanywa kwa mchanganyiko wa alumini, madini ya jamii ya sufuria zetu za jikoni. Kwa kuwa kampuni haikutaka kutumia fedha nyingi kununua mashine kubwa za kukandamiza mabati yapate mviringo, mabati yaliachwa yamenyooka, yakakunjwa kwa vyombo vyepesi. Kwa sababu hiyohiyo, fremu ya chini ilifanywa kwa vipande bapa vya chuma vilivyochomelewa pande nne, vikawa kama boriti lenye uwazi ndani. Na rangi ya kwanza ilikuwa kijani tu, ambayo husemwa kuwa ni masalio ya rangi ya ndege za vita. Angalieni, wasikilizaji, jinsi kila tabia ya gari hili ilivyotokana na ukosefu wa kitu fulani.

Tarehe 30 Aprili 1948 gari hilo lilionyeshwa kwa watu katika maonyesho ya magari ya Amsterdam, nchini Uholanzi. Bei yake ilikuwa paundi 450. Lilikuwa na injini ya petroli ya lita 1.6, yenye nguvu za farasi 50, na nafasi baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ilikuwa inchi 80, sawasawa na ile ya jeep. Wenyewe walilitangaza hasa kuwa ni chombo cha shamba. Lilikuwa na mahali pa kutolea nguvu za injini, ambapo mkulima aliweza kufunga mkanda, akaendesha msumeno, au mashine ya kupura nafaka, au pampu ya maji. Kwa hiyo chombo kimoja kiliweza kuvuta asubuhi, kukata magogo mchana, na Jumapili kuwapeleka watu kanisani.

Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Upesi gari la muda likawa linauzwa kwa wingi kuliko motokaa zote nyingine za Rover. Hesabu yake ilifika magari 250,000 mwaka wa 1959, ikafika 500,000 mwaka wa 1966, na mwaka wa 1976 likatoka gari la milioni moja. Umbo lilirefushwa na kutengenezwa upya mara kadhaa: mwaka wa 1958 likaja toleo la pili, mwaka wa 1971 toleo la tatu, mwaka wa 1983 lile liitwalo One Ten, na mwaka wa 1990 likapewa jina la Defender, yaani mlinzi. Lakini mtu aliyelijua la kwanza asingeshindwa kulitambua la mwisho, kama vile ndugu watambulikanavyo kwa pua.

Na tueleze kidogo namna linavyofanya kazi. Motokaa ya kawaida ya siku zile ilisukumwa na magurudumu mawili tu. Hayo yakizama topeni, safari imekwisha. Land Rover laweza kusukumwa na yote manne, hata ya nyuma yakiteleza, ya mbele yavuta. Tena nyuma ya kasha la gia lipo kasha la pili, lenye gia nzito. Dereva akizitia gia hizo, mwendo hupungua na nguvu huongezeka. Gari hupanda mlima polepole kama punda aliyebeba magunia, na likishuka hushikwa na injini yenyewe, bila kutegemea breki peke yake. Lakini siri kubwa haimo humo, maana jeep ilikuwa na hayo yote kabla yake.

Siri imo katika umaskini wa kuzaliwa kwake. Mabati yale yaliyonyooka yalifungwa kwa nati, kipande kwa kipande. Madigadi ikigonga mti, hufunguliwa kwa spana, hunyooshwa kwa nyundo juu ya gogo, ikarudishwa. Boneti likifunguliwa, injini yaonekana yote, na mkono wa fundi wafika kila mahali. Waliolibuni gari hili walikusudia kulitengeneza kwa vyombo vichache vya kiwandani. Kwa ajili hiyo, pasipo kukusudia sana, walitengeneza gari liwezalo kuponywa kwa vyombo vichache vya kijijini. Dhiki ya kiwanda ikawa neema ya mwenye gari.

Jambo hilo lilithibitishwa mbele ya macho ya watu mwaka wa 1955. Vijana sita wa vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge waliondoka London wakiwa na magari mawili ya Land Rover, kila moja likiitwa kwa jina la chuo chake, wakaenda nchi kavu mpaka Singapore. Wakapita Ulaya, nchi za Waarabu, Uajemi, India na Burma, wakafika mwezi wa Machi 1956. Mmoja wao, Tim Slessor, aliandika kitabu cha safari hiyo. Gari lililoitwa Oxford baadaye liliishia katika kisiwa cha St Helena, katikati ya bahari ya Atlantiki, likasahauliwa huko miaka mingi hata likaanza kuoza. Likarudishwa Uingereza, likaundwa upya, na mwaka wa 2019 likatoka Singapore na kurudi London kwa magurudumu yake lenyewe, lina umri wa miaka 64. Si kwamba halikuharibika. Bali liliharibika kwa namna inayotengenezeka.

Lakini tusiwataje wasafiri tu, ambao waweza kulisifu gari kisha wakarudi nyumbani. Mashahidi walio bora ni wale wanaokula kwa jasho la gari. Katika milima ya India, mpakani mwa Nepal, iko njia ya mawe itokayo Maneybhanjang kupanda Sandakphu, mahali palipo juu zaidi ya mita 3,600. Kwa miongo mingi madereva wa huko walipandisha watu na mizigo kwa Land Rover za miaka ya 1950, wakizirithi baba kwa mwana. Injini zilipochoka, baadhi yao walitia injini za dizeli zilizotengenezwa India, na safari ikaendelea.

Na huku kwetu, katika nchi ya Wasamburu upande wa Maralal, kaskazini mwa Kenya, na katika nchi ya Wamasai kaskazini mwa Tanzania, Land Rover kuukuu limekuwa gari la abiria siku ya mnada. Wazee hukaa mbele, akina mama na watoto hukaa ndani, mbuzi hufungwa miguu, vijana hupanda juu ya paa, na tena yupo anayesimama nyuma akishikilia ngazi. Mwezi wa Oktoba 2024 wenye magari haya walikusanyika mjini Arusha kwa sherehe kubwa, wakapanga msafara mrefu wa Land Rover za kila umri, baadhi zikiwa zimetoka nchi jirani. Watu hawakusanyiki hivyo kwa ajili ya chombo kilichokuwa chombo tu.

Hata hivyo, mwenye gari huyajua pia maovu yake, na ukimwuliza hakufichi. Waliosafiri nyuma husimulia vumbi liingialo kwa kila ufa, na mvua ifuatayo njia ya vumbi. Shafti za ekseli ya nyuma katika magari ya zamani zilikuwa nyembamba, zikavunjika mzigo ulipozidi. Mafuta huvuja chini, hata ikawa mzaha wa mafundi duniani pote kwamba Land Rover lisipovuja ujue mafuta yamekwisha. Na lile boriti la fremu lenye uwazi hujaa tope ndani, likala kutu bila kuonekana, huku bodi ya alumini juu yake ikiwa nzima. Tena mahali alumini ilipogusana na chuma, hasa karibu na chumvi ya pwani, hugeuka unga mweupe. Mnunuzi mwenye akili halitazami gari hili usoni. Hulala chini na nyundo ndogo, akaigonga fremu na kusikiliza mlio.

Tena hatuwezi kueleza habari zake katika Afrika ya Mashariki bila kutaja kwamba kwa muda mrefu lilikuwa gari la serikali. Katika miaka ya Hali ya Hatari nchini Kenya, tangu 1952 hata 1960, polisi na majeshi walilitumia katika misako yao, na wapo wazee ambao mlio wa injini yake uliwatia hofu muda mrefu baada ya hapo. Uhuru ulipokuja bendera zilibadilika, bali gari lilibaki, na safari hii mwenye kukaa kiti cha mbele alikuwa mwananchi. Baadaye magari haya yaliunganishwa hapa hapa, katika kiwanda cha Leyland mjini Thika.

Basi ikiwa lilipendwa hivyo, lilishindwaje? Wahenga wetu walikwisha jibu: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mwaka wa 1967 kampuni ya Rover iliingia mikononi mwa Leyland, na mwaka wa 1968 ikaunganishwa na nyingine nyingi katika shirika kubwa la British Leyland. Shirika hilo lilisumbuliwa na migomo na madeni, hata mwaka wa 1975 serikali ya Uingereza ikalazimika kulitwaa. Faida iliyoletwa na Land Rover ilitumika kuziba matundu ya motokaa nyingine, wala haikurudi kulitengeneza gari lenyewe. Wanunuzi wa ng'ambo walingoja magari muda mrefu, na walipoyapata, injini zilikuwa dhaifu kwa mizigo yao. Wajapani nao walikuwa wametazama kwa makini. Kampuni ya Toyota ilianza gari lake la namna hiyo mwaka wa 1951, ikalipa jina la Land Cruiser mwaka wa 1954, na katika miaka ya 1970 na 1980 likaenea Afrika, Arabuni na Australia. Injini yake ilikuwa na nguvu, lilikuwa halina maradhi mengi, na vipuri vyake vilipatikana. Mtu aliye mbali na gereji kwa siku mbili hanunui jina. Hununua hakika ya kufika.

Yaliyofuata ni habari za kuuzwa na kununuliwa. Mwaka wa 1994 kampuni ya Rover pamoja na Land Rover ilinunuliwa na BMW ya Ujerumani. Mwaka wa 2000 Land Rover ikauzwa kwa Ford ya Marekani. Na mwaka wa 2008 ikanunuliwa na Tata Motors ya India. Hivyo kampuni iliyouza magari yake katika makoloni ya Waingereza ikawa mali ya nchi iliyokuwa koloni. Tarehe 29 Januari 2016 gari la mwisho la umbo lile la kale lilitoka kiwandani Solihull, na jumla yake tangu mwanzo ilikuwa zaidi ya milioni mbili. Sheria mpya za moshi na za usalama wa abiria hazikuweza kupatana tena na sanduku lile. Defender jipya lilionyeshwa mwaka wa 2019, nalo hutengenezwa katika mji wa Nitra, nchini Slovakia. Halina fremu ya boriti ya chini kama la zamani. Lina kompyuta nyingi, lina starehe, na kwa mbio na usalama lampita babu yake mbali sana. Bali likigonjwa huhitaji kwanza chombo cha kusoma kompyuta zake, na spana ya kijijini haitoshi.

Hatusemi kwamba la kale lilikuwa bora kwa kila jambo. Mama mjamzito anayepelekwa hospitali usiku angechagua gari lisilomrusha juu wala kumvuta moshi, nasi tungemchagulia hilo. Lakini twaliona neno moja katika habari hizi zote. Gari lile halikudumu kwa sababu ya ugumu wake, maana shafti zilivunjika na fremu zilioza. Lilidumu kwa sababu lilimwachia mwenyewe mlango wazi: lilikubali kufunguliwa, kueleweka na kuponywa na mtu aliye mbali na kiwanda, asiyejua hata jina la mhandisi. Kila aliyelitengeneza akawa kama mshirika wa wale walioliunda. Nalo lilipoteza soko siku ile wenye kiwanda walipodhani kwamba upendo wa wanunuzi ni deni lisilokwisha.

Basi, wasikilizaji wetu, siku utakapokwenda kununua chombo, kiwe gari, au pampu ya maji, au mashine ya kusaga, usiulize tu kina nguvu kiasi gani na kinang'aa namna gani. Uliza pia: kikivunjika, nani atakifungua, kwa chombo gani, na kipuri chake kitatoka wapi? Chombo usichoweza kukitengeneza hujakinunua bado. Umekikodi kwa yule awezaye. Kwa maneno hayo twakoma hapa. Kwaherini, na safari zenu ziwe za heri.